Rudisha Nyuma, Tusikilize Tena

 Hapa Babati kazi za mchana zimekwisha, mifugo imerudi zizini, chai iko jikoni. Tukae tuzungumze.

Leo nina starehe mbili za nyumbani. Ya kwanza ni kusikiliza bendi kubwa za zamani, zile zenye safu nzima ya tarumbeta na saksafoni. Ya pili ni kutazama mechi za zamani za mpira wa kikapu, iwe kwa kanda ya video kama deki yako bado inafanya kazi, iwe kwa DVD, iwe kwa flash uliyojaziwa na vijana wa stendi. Wengi huzitenga. Muziki wa dansi wanawaachia wazee, kikapu wanawaachia wanafunzi wa sekondari. Mimi nazipenda zote mbili kwa sababu moja: zinanoga zaidi zikirudiwa. Na najua lipo swali linalokuja hapo hapo. Mechi ambayo matokeo yake yamejulikana miaka mingi iliyopita, utamu wake uko wapi? Wimbo ambao baba aliuimba akichunga ng'ombe, kuna jipya gani humo?

Lipo. Lakini kwanza niseme kwamba mambo haya mawili yamewahi kukaa chini ya paa moja.

Mwaka 1923, katika mtaa wa Harlem mjini New York, bwana mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Saint Kitts, Bob Douglas, alianzisha timu ya kikapu ya wachezaji weusi. Jina lake New York Renaissance. Mashabiki wakaifupisha wakaiita Rens. Uwanja hawakuwa nao. Walichezea ndani ya ukumbi wa dansi wa Renaissance, wakisimamisha magoli ya kuhamishika huku na huku kwenye sakafu ile ile ya kuchezea muziki, sakafu inayoteleza. Mechi ikiisha magoli yanaondolewa, okestra inaanza kupiga, na watu waliokuja na suti na magauni yao wanaingia katikati kucheza. Kiingilio kimoja, burudani mbili, usiku mmoja. Ligi za wazungu zilikuwa zimewafungia mlango, basi Rens wakazunguka Marekani kwa basi lao mji kwa mji, na mwaka 1939 huko Chicago wakatwaa ubingwa wa dunia wa timu za kulipwa kwa kuwafunga Oshkosh All-Stars 34 kwa 25. Hata Harlem Globetrotters, ambao wengi wetu tumewaona kwenye video wakizungusha mpira juu ya kidole, chimbuko lao ni timu iliyochezea ukumbi wa dansi wa Savoy, huko huko Chicago.

Kwa hiyo mtu akikuambia saksafoni na kikapu havihusiani, mwambie habari za Rens.

Na sisi? Sisi tulikuwa na Jazz zetu, na hatukuazima jina tupu. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Wakafuata Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na kule Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Mapigo yao mengi yalitoka Cuba, kupitia zile santuri zilizoitwa GV zilizoingia Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, na baadaye Kongo ikaongeza yake. Lakini umbo la bendi lilikuwa lile la bendi kubwa: safu ya wapulizaji, safu ya magitaa, tumba na ngoma nyuma, waimbaji mbele, na kiongozi mmoja anayejua kila mtu anaingia wapi na anatoka wapi. Ushindani nao ulikuwa ule ule. Pale Morogoro mjini, mji mmoja, kulikuwa na Morogoro Jazz upande huu na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande ule, na mtu alilazimika kuchagua. Baadaye Dar es Salaam ikagawanyika kati ya bendi za Msondo na Sikinde kama inavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Harlem walilijua jambo hilo: tarehe 11 Mei 1937, katika ukumbi wa Savoy wa kule New York, bendi ya Chick Webb ilipambana na ya Benny Goodman, na Webb, mpiga ngoma mwenye kimo kifupi na mgongo ulioharibiwa na ugonjwa tangu utotoni, akamshinda mtu aliyekuwa anaitwa mfalme.

Sasa nirudi kwenye lile swali la utamu wa kurudia.

Mechi ikiwa mubashara, jicho ni mtumwa wa mpira. Mpira ukienda kushoto, jicho kushoto. Ukipanda kwenye goli, jicho linapanda nao. Huwezi kulilaumu, maana unataka kujua itakuwaje. Na wimbo ukiwa mpya, sikio ni mtumwa wa mwimbaji. Unataka kujua yule dada alimjibu nini, yule mume alirudi au hakurudi. Mara ya pili wasiwasi huo haupo. Matokeo unayo, kisa cha wimbo unakijua. Hapo jicho na sikio vinapata uhuru wa kutembea, na vikitembea vinakutana na watu ambao mara ya kwanza hukuwaona kabisa: yule asiyeshika mpira, na yule asiyeimba.

Nitoe mfano wa mechi yenyewe, na ni mechi ambayo kila Mtanzania anayependa kikapu angepaswa kuwa nayo nyumbani. Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, robo fainali ya mashindano ya vyuo vya Big East, Connecticut na Syracuse. Chini ya goli la Connecticut amesimama kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na sentimeta 20. Kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa, si mtoto, na ndani ya miaka michache alikuwa beki anayeogopwa kuliko wote katika vyuo vya Marekani.

Mechi za vyuo ni dakika 40. Dakika 40 zikaisha 71 kwa 71. Na hata kumalizika huko kulikuwa na mzozo, kwa sababu Eric Devendorf wa Syracuse alitupa mpira wa pointi tatu mlio wa mwisho ukikaribia, ukaingia, akaruka juu ya meza kushangilia, na waamuzi wakaenda kutazama marudio ya video. Picha ikaonyesha kwamba mpira ulikuwa bado mkononi mwake muda ulipokwisha. Ikaongezwa dakika tano. Sare. Tano nyingine. Sare. Wakaongeza mara ya tatu, ya nne, ya tano, sare tupu, hadi 110 kwa 110. Katika nyongeza zote hizo tano Syracuse hawakuwahi kuongoza hata kwa sekunde moja. Kila mara walikuwa wakifukuza na kusawazisha. Nyongeza ya sita ndipo wakaongoza, wakaondoka na ushindi wa 127 kwa 117. Kwa saa za New York ilikuwa saa saba na dakika 22 za usiku. Kwetu hapa ilikuwa Ijumaa asubuhi, saa mbili imeshapita, jua limeshapanda juu ya Mlima Kwaraa na watoto wako darasani.

Ukiitazama mara ya kwanza utamtazama Jonny Flynn wa Syracuse, na ana haki ya kutazamwa. Alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga pointi 34. Ukiitazama mara ya pili, nakusihi, usimtazame Flynn. Mtazame Thabeet tu, hata mpira ukiwa upande wa pili. Alimaliza na pointi 19, ribaundi 14 na mitupo sita aliyoizuia, kisha akatolewa kwa faulo tano kabla mechi haijaisha. Hizo ni namba, na namba zinaandikwa magazetini. Ambalo haliandikwi ni hili: mchezaji wa Syracuse anakata kuelekea goli, njia ni nyeupe, anainua kichwa, anaona ule mkono, anageuza njia. Mpira haukuguswa. Hakuna anayehesabu. Anarudi nyuma, anapasia pembeni, shambulio linaanza upya. Rudisha nyuma utazame tena, utaona kwamba Thabeet alikuwa amepiga hatua moja tu. Kazi hiyo ya hatua moja ndiyo iliyoiweka Connecticut mbele nyongeza baada ya nyongeza, na siku ile ukumbini ni wachache walioweza kuiona, maana macho yalikuwa kwenye mpira.

Miezi mitatu baadaye, Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa baada yake, Stephen Curry baada yake. Safari yake ya NBA haikwenda mbali kama walivyotarajia, na mpaka leo wapo wanaomsema kwa hilo kana kwamba historia yake ni ile tu. Jibu langu kwao ni mechi hii, nzima, kuanzia dakika ya kwanza.

Nasema nzima kwa makusudi. Siku hizi mtu anakutumia kipande cha sekunde 20 kwenye simu, mpira unaingia, watu wanapiga kelele, basi. Kipande hicho kinaonyesha mwisho wa jambo na kuficha jambo lenyewe. Ile picha ya Dikembe Mutombo wa Kinshasa amelala chali sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, anacheka huku machozi yanamlengalenga, ni maarufu dunia nzima. Mei 1994, Seattle, Denver wameshinda 98 kwa 94 baada ya nyongeza. Lakini ni wangapi wameutazama mfululizo uliomlaza pale chini? Denver waliingia wakiwa wa nane upande wa magharibi, Seattle walikuwa na ushindi mwingi kuliko timu yoyote ya ligi. Denver walipoteza mechi mbili za kwanza. Mutombo alizuia mitupo 31 katika mechi tano. Mtu akishakaa na zile dakika ngumu, na mapasi yaliyopotea, na robo nzima ambayo hakuna kinachoingia, ndipo anaelewa kile kicheko cha sakafuni.

Wimbo nao hukatwa hivyo hivyo. Muziki wetu wa dansi una sehemu mbili. Kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, waimbaji wakipokezana, kisha mapigo yanabadilika na chemko linaingia. Kwenye santuri ndogo za zamani wimbo mrefu ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili magitaa na tarumbeta. Wapo waliokuwa na santuri hizo miaka na miaka bila kuusikiliza vizuri upande wa pili. Na kijana wa leo naye, akisikia dakika moja ya utangulizi, anaruka wimbo mwingine kabla chemko halijafika.

Chukueni Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Walikuwamo Muhidin Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, na nyuma yao King Michael Enoch, mtu aliyetoka Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1960, anayepiga gitaa na kupuliza tarumbeta na saksafoni, na aliyewafundisha wengine wengi. Mwimbaji alileta maneno na sauti, kisha bendi nzima ikakaa mazoezini kuujenga wimbo, kila mmoja akitafuta cha kuweka mahali pake. Wimbo wa Sikinde ni kazi ya watu wote waliomo chumbani.

Sasa fanya hivi. Mara ya kwanza mfuate mwimbaji, umpe haki yake. Mara ya pili msahau. Tafuta solo la pili. Bendi nyingi duniani zina gitaa la solo na la rithimu; zetu ziliweka jingine katikati, gitaa linalozungumza na solo, linalojibu sentensi kabla haijaisha. Ukilishika hilo, hutaweza tena kuusikia wimbo kama ulivyokuwa ukiusikia. Mara ya tatu fuata gitaa zito. Sikiliza pale linaponyamaza. Mpigaji mzuri wa gitaa zito huacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo tumba linapita. Mara ya nne, wapulizaji: angalia jinsi ule mdomo wa bata, yaani saksafoni, unavyosubiri mstari wa mwimbaji uishe, unaingia kwa sauti tatu nne pamoja na tarumbeta, unatoka. Wakiingia mapema kidogo wanamfunika mwimbaji, wakichelewa kidogo wimbo unalegea.

Marekani kulikuwa na mtu wa namna hiyo, asiyesikika kirahisi, katika bendi ya Count Basie, jina lake Freddie Green. Aliingia mwaka 1937 na akapiga gitaa la rithimu humo karibu miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 1987. Solo hakupiga ila kwa nadra sana. Gitaa lake halikuwa na umeme, na katikati ya bendi yenye tarumbeta, tromboni na saksafoni tele, wasikilizaji wengi hawakumsikia kabisa. Wenzake ndio waliomsikia, na ndio waliokuwa wakisema kwamba bendi ilitembea juu ya mkono wake. Ukiweka rekodi ya Basie nyumbani, kwenye spika nzuri, usiku kukiwa kimya, unaweza kumpata. Ukumbini usingempata hata ungelipa kiti cha mbele.

Nina mazoea mengine ambayo nayapendekeza kwa moyo wote. Mechi ya zamani ukishaijua vizuri, zima sauti ya televisheni, uwashe bendi. Mchezaji anaudunda mpira anaupandisha taratibu, anatafuta pasi, na tumba linakwenda naye. Kisha kinatokea kitu cha bahati: chemko linaingia wakati timu inakimbia kushambulia. Nimefanya hivyo na wageni wangu, vijana kwa wazee, na mara nyingi mzee aliyesema hajui kikapu ndiye wa kwanza kuuliza kwa nini yule hakupasia. Babu mmoja hapa mjini, mpenzi wa Western Jazz tangu ujana, sasa anawajua wachezaji wa Syracuse kwa majina.

Yapo ya kusikitisha pia katika habari hii, na lazima niyaseme.

Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja ya NBA. Mia kamili. Philadelphia Warriors 169, New York Knicks 147. Waliohudhuria walikuwa 4,124. Kamera ya televisheni haikuwapo. Hakuna picha inayotembea ya usiku ule, hata sekunde moja. Kilichobaki ni sauti ya robo ya nne, utangazaji wa redio, na hata huo umebaki kwa sababu mwanafunzi mmoja wa chuo aliunasa kwenye mashine yake ya kanda wakati redio ilipourudia usiku wa manane. Tukio kubwa kiasi hicho limeokolewa na msikilizaji mmoja aliyekuwa macho. Nimeisikiliza sauti hiyo, na nawaambia kama mtu wa redio, inatosha kukufanya usimame.

Redio imewahi kumwokoa hata Duke Ellington. Julai 1956 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, bendi yake ikisemwa kwamba zama zake zimepita. Katikati ya wimbo uitwao Diminuendo and Crescendo in Blue, mpuliza saksafoni Paul Gonsalves alisimama akapiga mizunguko 27 bila kupumzika, watu wakapanda juu ya viti, na jina la Ellington likafufuka. Kampuni ya santuri ilikuwa inarekodi, lakini Gonsalves alisogelea maikrofoni isiyo yao. Alipulizia ya redio ya Sauti ya Amerika. Kwenye santuri yao akasikika kwa mbali, na sehemu nyingi za onyesho ikabidi zipigwe upya studio, makofi yakaongezwa. Dunia ilisikiliza mchanganyiko huo kwa miaka 40. Kisha kanda ya redio ikapatikana, na mwaka 1999 kanda hizo mbili zikaunganishwa: Gonsalves akasikika karibu, pumzi na yote.

Kwetu Tanzania Bara redio ndiyo ilikuwa kila kitu. Televisheni ilianza mwaka 1994. Kufikia hapo mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Mombasa tangu Januari 1979, Salum Abdallah tangu 1965. Mitambo ya santuri ilikuwa Nairobi, safari ya mbali na ya gharama, kwa hiyo bendi nyingi ziliingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote chumba kimoja, wakapiga kwa pamoja, kanda ikazunguka. Na huku mikoani, msikilizaji akawa na redio kaseti yake, akabonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja, akanasa. Kaseti hizo bado zipo. Zipo kwenye masanduku ya chuma, kwenye makabati ya kioo, chini ya vitanda, hapa hapa Babati na kule vijijini.

Sisi wa Manyara tunajua vizuri kile ambacho mkanda unaweza kumfanyia mtu. Oktoba 1968, Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akaendelea kukimbia. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akamaliza wa 57, wa mwisho. Kwenye karatasi ya matokeo hiyo ni namba 57. Lakini wapiga picha za filamu walikuwapo bado, wakamnasa na bandeji yake mguuni, na leo anajulikana na watu wasiomjua bingwa wa siku ile.

Basi ombi langu. Kama una kaseti au kanda ya video, usiiweke juu ya spika wala karibu nayo, ile sumaku inafuta. Iweke wima, pakavu, mbali na dirisha linaloingiza vumbi la barabarani. Kabla ya kuipiga baada ya miaka mingi, izungushe yote mbele na nyuma kwa mkono, kaseti kwa kalamu ya risasi, taratibu, isije ikawa imegandamana ikakatika. Ukungu mweupe ukiuona pembeni, usiiingize kwenye deki, maana utachafua kichwa cha deki na kuambukiza kanda nyingine; mpelekee fundi. Na siku utakayoihamishia kwenye kompyuta au flash, ihamishe yote. Kama katikati kuna mtangazaji anasoma salamu, iache. Kama wimbo umekatwa na taarifa ya habari, acha hapo hapo ulipokatwa. Kama kwenye mechi kuna mapumziko na watu wanapita mbele ya kamera, waache wapite.

Wanaotaka kusikiliza pamoja na wengine wajue kwamba wapo wenzao mjini hapa; tuandikieni kupitia kipindi hiki, tutawakutanisha.

Fundi mitambo ananionyesha kwamba ameshaweka Neema ya Mlimani Park, nimemwomba aipige mara mbili mfululizo bila kuikata, hadi chemko liishe. Mara ya kwanza msikilizeni Cosmas Chidumule. Ikirudiwa, mwacheni Chidumule aimbe peke yake, ninyi mlifuate solo la pili.